Kitengo cha Wabeba Maji

Alipewa kiti chenye mikono. Sisi wenye msiba tulikuwa chini kwenye mikeka, miguu imekufa ganzi, na yeye, Mwalimu Mkuu mstaafu, ameshuka kwenye gari la kukodi kutoka Newala, suti imenyooka, akaletewa kiti chenye mikono na maji ya chupa. Maji ya chupa, jamani! Nilimtazama anavyofungua kile kifuniko nikasema moyoni, hata leo, mzee, hata leo bado unaletewa maji. Tulikuwa tunamzika mdogo wangu Barnaba, hapa hapa Chiwata, mtu mzima mwenye mvi chache kidevuni, kiziwi tangu homa ilipompitia akiwa mchanga. Wanawake waliokaa karibu yangu wakawa wananong'ona, "Mnaona, mkubwa yule kaja mwenyewe, hakumsahau mwanafunzi wake." Mwingine akaitikia, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Mimi nina mdomo, kijiji kizima kinajua, lakini asubuhi ile nilikuwa nimeufunga kwa heshima ya maiti.

Mambo ya ukoo, nani alimzaa nani, nayaacha. Hayo yako kwenye vitabu vya ubatizo kwa anayeyataka. Ninachotaka kusema ni mwaka mmoja tu, ule ambao mimi na Barnaba tuliishi Newala. Ulianza Masasi, kwenye chumba cha ofisi ambako watoto wenye matatizo waliitwa kupimwa. Mpimaji alisimama nyuma ya Barnaba akapiga makofi, akagonga mfuniko wa sufuria, akapuliza filimbi, na Barnaba akaendelea kutazama mjusi ukutani. Mama akaulizwa maswali mengi, alinyonya vizuri, alitambaa lini, akajibu yote akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeshtakiwa. Kisha wakamwambia habari njema. Kuna kitengo cha viziwi kwenye shule moja ya msingi Newala. Yupo mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Mtoto atajua kusoma, atajua kuandika, ataongea kwa mikono. Mama akauliza, "Na atalala wapi, baba?" Wakamjibu, "Bweni litakuja, mama. Kwa sasa mtafute ndugu." Bweni hilo sijaliona likija mpaka leo, labda bado liko njiani.

Ndugu alikuwepo, Shangazi Eda, na wa kumlea mtoto nilikuwepo mimi. Nilikuwa nimemaliza la saba na sikuchaguliwa, kwa hiyo nilihesabika kama mtu asiye na shughuli. Mama alinikunjia kanga mbili akasema, "Nenda ukamlee mwenzio, Hilda. Akijua kusoma na wewe tutakutafutia cherehani." Kweli cherehani nilikuwa naitaka, sisemi uongo. Lakini kilichonipeleka Newala kwa moyo wangu wote ni kingine. Mimi na Barnaba tulikuwa na ishara zetu za nyumbani, za kula, njoo, nenda, nyoka, naumwa, basi. Nilimpenda yule mtoto kupita kiasi na sikuwahi kujua anawaza nini. Nilitaka afundishwe ili aniambie.

Chumba chetu kwa Shangazi kilikuwa cha uani, ubavuni mwa kisima cha maji ya mvua. Kisima kile kilikuwa na mfuniko wa bati na kufuli, na ufunguo Shangazi aliuvaa shingoni pamoja na msalaba. Upepo wa asubuhi wa Newala unapenya hadi kwenye mifupa, tulilala tumegandana chini ya blanketi moja. Maji ya kusuuzia vyombo yalioshewa miguu, yaliyooshewa miguu yalimwagiwa mpapai, na ole wako umwage kabla ya kuuliza. "Hapa siyo Chiwata," alikuwa akisema Shangazi, "hapa maji yana mwenyewe." Hakuwa mchoyo wa chakula, lakini. Ugali wake wa muhogo ulikuwa mweupe, kisamvu kilichotiwa korosho zilizotwangwa, na jioni nyingine alituchemshia ming'oko, vile viazi vya porini, tukaimenya ikiwa ya moto, na chumvi na pilipili kwenye kisahani. Kwenye kisahani kile ndipo tulipoanza kuzungumza mimi na mdogo wangu.

Darasa la kitengo lilikuwa stoo zamani, majembe ya shule bado yameegemezwa pembeni. Mwalimu Salome, mwenye mwanya na sauti ya chini, alikuwa peke yake na watoto wa rika zote, wengine wanaota ndevu. Mimi nilikaa mlangoni na hakuna aliyenifukuza, kwa sababu mlezi ndiye aliyetakiwa kumshika mtoto asitoroke. Siku ya kwanza Mwalimu Salome hakuandika kitu ubaoni. Alianza na majina. Viziwi hawakuiti Hilda, hawana haja na Hilda yako. Wanakutazama, wanachagua kitu chako kimoja, na hicho kinakuwa jina lako mpaka unakufa. Mwalimu Salome alikuwa kidole kwenye mwanya. Zuhura, msichana mkubwa wa darasa, alikuwa kisogo, maana alinyolewa vibaya siku aliyoletwa. Mimi nikawa kovu la kidevuni. Mwalimu Mkuu alikuwa mkono unaoshuka kifuani, ile tai yake. Barnaba alipopewa la kwake, ncha za masikio zilizochongoka, alicheka mpaka akajikojolea, na mimi pale mlangoni nikalia kama mjinga.

Mvua za mwanzo wa mwaka zilipokuwa zinaishia, mtoto alikuwa anaongea. Alifundishwa mchana, jioni akanifundisha mimi, na nilipokosea alinipiga kofi la mkono kama mwalimu mkali. Jumapili Mwalimu Salome alipita baada ya ibada, akakaa nasi uani, akatunyoosha vidole. Jioni moja tunamenya ming'oko, Barnaba akaacha kula akaniuliza Mama anaitwa nani. Hebu fikiria. Mtoto wa miaka kumi, na ndiyo kwanza anagundua kwamba mama yake ni mtu mwenye jina kama watu wengine. Nikamwambia hana, mpe wewe. Akafikiri sana. Kisha akagusa shavu lake kwa vidole viwili, akivichora kuelekea sikioni. Mama ana chale pale, alichanjwa usichanani bila padre kujua. Tangu jioni ile ndilo likawa jina la Mama, na alilitaja kila siku: Mama anakula nini sasa, Mama amelala, Mama atakuja lini. Nilikuwa sijui kama alikuwa anamuwaza hivyo. Shangazi alitutazama akasema, "Nyie mnapiga soga kama vikongwe," akatuongezea ming'oko.

Halafu yakatoka matokeo ya wilaya, na shule yetu ikawa karibu na mkiani. Nilikuwa kwenye baraza la ofisi nachambua mbaazi za Shangazi, dirisha wazi, na watu wa ofisini walinihesabu mimi na ukuta kuwa kitu kimoja. Mwalimu Mkuu alisema, "Mwalimu Salome, kuanzia Jumatatu utachukua hesabu za la saba." Mwalimu Salome akauliza, "Na watoto wangu nani atakaa nao?" Akajibiwa, "Watakaa, si wamezoea kukaa. Hawa wako hawafanyi mtihani, mwalimu. Hawatupandishi wala hawatushushi." Mwalimu Salome akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba aliletwa pale kwa ajili yao. Mwenzake mmoja akacheka, "Wapeni kazi za mikono, si ndiyo lugha yao!" Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nilikuwa na kiganja kimejaa mbaazi, na nilizikaza mpaka zikaniuma. Namkumbuka mwalimu wangu yule alivyotoka, hakunitazama. Sina kinyongo naye. Alikuwa na barua ya ajira na watoto wawili, angefanya nini?

Kazi ya mikono ikapatikana upesi, maana kiangazi kilikuwa kimeingia. Mwenye kujua Newala anajua. Mji uko juu, maji yako chini bondeni, na kati yake kuna mteremko unaochubua visigino. Shule ilihitaji maji ya uji, ya vyoo, ya bustani, na nyumba za walimu zilihitaji ya kwao. Wa la saba wasingeweza kubeba, wana mtihani. Wa la nne wana wa kwao. Basi kengele ya asubuhi ikilia, wenzao wakiingia darasani, watoto wa kitengo wanachukua ndoo. Wanashuka, wanapanda, wanamwaga, wanashuka tena. Nilikuwa naenda nao, kwani ningeenda wapi? Huwezi kuongea na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika na macho yako chini usiteleze. Watu wanaoongea kwa mikono wamefungwa mikono, na mchana kutwa hakuna neno linalopita. Zuhura ndiye aliyebadilisha jina la Mwalimu Mkuu. Tulipokuwa tunapumzika kwenye jiwe la katikati ya mteremko, alitaja tai, akaifuta hewani kama mtu anayefuta ubao, akaweka kiganja utosini kama anashikilia ndoo. Kuanzia hapo ndilo jina lake. Tulicheka, ndiyo, tulicheka sana. Tungefanya nini kingine pale kwenye jiwe?

Wageni wa mkoa walikuja mara moja. Ah, siku ile! Watoto waliogeshwa, wakapakwa mafuta, Mwalimu Salome akarudishwa stoo kwa saa chache, majembe yakafichwa, na darasa likaonyesha wimbo wa taifa kwa mikono. Mgeni mmoja mwanamke alitoa leso akafuta machozi. Alipouliza kuhusu ndoo zilizopangwa ukutani, Mwalimu Mkuu alimweleza kwamba ni stadi za maisha, tunawaandaa wajitegemee. Mgeni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Gari lilipotimua vumbi, maji waliyonawia mikono wageni yalikuwa yamekwisha, na sisi tukashuka bondeni.

Mama alikuja wakati mikorosho imeanza kutoa maua. Alitembea na kupanda magari na mzigo wa makopa ya muhogo kichwani na kikapu cha korosho za kukaanga, na hakutukuta nyumbani, akaja shuleni. Akakutana na Barnaba anaibuka kutoka mteremkoni, ndoo imejaa, mkono haujaishika, shingo imenyooka. Mama alipiga kigelegele barabarani. Mimi namwelewa, jamani, namwelewa kabisa. Kule nyumbani watu walikuwa wamemwambia kwamba bubu yule atakula mpaka afe bila kumfaa mtu, na kwetu mtoto anayeleta maji nyumbani ni mtoto kamili. Alimwona mwanawe amekuwa mtu. Hakuuliza anajua kusoma nini. Alifululiza hadi ofisini, akapiga magoti mlangoni na kikapu chake, maana mkono mtupu haulambwi. "Shikamoo, Mwalimu. Umenitengenezea mtoto. Mungu akuzidishie." Mwalimu Mkuu akasema, "Marahaba, Mama Hilda, ni kazi yetu," akachota korosho akatafuna.

Nilikuwa nyuma yake. Nikasema, "Mama, inuka. Usimshukuru. Barnaba hajaingia darasani tangu mvua zikatike. Anabebeshwa maji ya walimu, na mwalimu wake amehamishiwa la saba." Nilisema hivyo hivyo, mbele ya walimu wote. Mama aligeuka, akanishika mkono, akanivuta chini. "Mwombe radhi mkubwa wako." Nikasema sitaki. Akanizaba kofi. "Omba radhi, Hilda! Unataka wamfukuze mwenzio?" Nikaomba radhi nimepiga magoti, nikiwa natazama viatu vya Mwalimu Mkuu, vilivyong'aa kwa kusuguliwa na kitambaa kibichi. Barnaba alikuwa amesimama uwanjani na ndoo yake anatutazama. Jioni aliniuliza kwa nini Mama alimpigia Ndoo magoti.

Juma lile lile wakampima upya. Vipimo vile vilifanyika ofisini, mlango umefungwa, Mwalimu Salome akiwa chumba cha jirani anawafundisha la saba hesabu za sehemu. Mimi nilizuiwa kuingia, nikatazama kwa dirisha. Mwalimu Mkuu alimuuliza Barnaba kwa mdomo, "Hesabu mpaka ishirini." Barnaba akamtazama mdomo. "Hii rangi gani?" Akatazama mdomo. Mtoto aliyekuwa anajua kuhesabu hadi mia kwa vidole, anayejua rangi zote, ameweka mikono yake mapajani kwa adabu kama alivyofundishwa, anasubiri mtu aanze kuongea naye. Nilipunga mikono kwenye kioo mpaka akaniona, nikamwonyesha mwambie, mwambie! Akanyanyua mikono na Mwalimu Mkuu akaishusha. Mama aliambiwa kwamba mtoto hafundishiki, nafasi yake apewe mwingine, na kwamba ile michezo ya mikono ndiyo iliyomharibu, akifika nyumbani akatazwe. Kuna watu hapa Chiwata hadi leo wanasema ulimi wangu ndio ulimponza Barnaba. Sikubali, na sitakubali. Mimi nilisema kweli. Aliyemfukuza ana jina na nimeshawatajia.

Mama alitii. Huyo ndiye mama yangu, mkubwa akisema amesema. Nilipomwambia, "Mama, ngoja nikuonyeshe anavyokuita," alinikatisha, "Mambo ya Newala yaishie Newala. Sitaki mikono hiyo ndani ya nyumba yangu." Mimi na Barnaba tukaongea kwa kificho, shambani chini ya mikorosho wakati wa kuokota. Cherehani haikuja. Nikaolewa Lukuledi, na Barnaba akabaki na watu waliompenda na wasioweza kumuuliza kitu zaidi ya kula, njoo, nenda. Kila nilipokuja kusalimia alinishika mkono kabla sijatua mzigo, akaniburuta mpaka nyuma ya jiko, na maneno aliyoyaweka miezi yote yakamtoka kwa fujo, mikono inagongana. Nikiondoka alinisindikiza hadi barabarani na hakutazama gari. Mwaka huu tumbo lilipomshika, walimpeleka zahanati wakamuuliza linauma wapi, limeanza lini, akajibu yote, vizuri kabisa, kwa mikono. Wakampa dawa za malaria. Nilipopigiwa simu nije, nilimkuta amekwisha kupoa.

Sasa rudini msibani. Zuhura alikuwa amefika na wenzake wawili wa kitengo, watu wazima wenye wajukuu. Siku hizi simu zina picha, nilimpa taarifa mwenyewe. Walisimama nyuma karibu na ua. Padre akaomba mwenye neno aseme, na Mwalimu Mkuu akainuka kwenye kiti chake. Akasema Barnaba alikuwa tunda la kitengo chake. Akasema wakati ule hakuna aliyewajali watoto hawa, yeye aliwapokea, akawafundisha, akawafanya watu. "Mama Hilda pale ni shahidi. Alinipigia magoti akanishukuru." Watu wakageuka kumtazama Mama kwenye mkeka, naye akainamisha kichwa vile vile kama siku ya makofi na filimbi. Kisha mzee akawaona wale watatu. Akafurahi, kweli alifurahi. "Hilda, binti yangu, watafsirie na hawa wanafunzi wangu wasikie."

Nikainuka. Naapa sikuongeza wala sikupunguza. Niliweka kiganja utosini, kwa kuwa ndilo jina lake na sina lingine, nikawaambia, anasema alitufundisha. Zuhura alitazama mikono yangu kama haiamini. Halafu akacheka. Kiziwi hajisikii anavyocheka. Kicheko chake kilipita juu ya jeneza, juu ya kwaya, na wenzake wakamfuata, wameshikana mabega, viganja vimewekwa utosini. Kuku walikimbia. Padre akafunga kitabu. "Wanacheka nini?" akauliza Mwalimu Mkuu, bado anatabasamu. Nikamjibu, "Nimewaambia ulichosema, Mwalimu. Na hicho wanachofanya ni jina lako. Ni ndoo. Wamekuita hivyo tangu ulipowatoa darasani wakakubebee maji." Alitafuta kiti kwa mkono wake wa nyuma, akakaa.

Uwanja wote sasa ulikuwa unamsubiri Mama, na mimi pia nilisubiri. Nilijua atakachosema, omba radhi, Hilda, na nilikuwa nimeshajiandaa kukataa, mtu mzima mimi, anizabe akitaka. Mama hakumtazama Mwalimu Mkuu. Alinitazama mimi, akasema kwa sauti ambayo ni mimi na wa mkeka wetu tu tulioisikia: "Na mimi? Mimi aliniitaje?"

Nikapiga magoti, nikamgusa shavu kwa vidole viwili, juu ya chale, nikavichora kuelekea sikioni. Mama alikishika kiganja changu pale pale akakizuia kisiondoke. "Kila siku," akasema. "Kila siku alikuwa ananifanyia hivi. Nilidhani ananicheka chale zangu. Nilikuwa nampiga mkono."